Kipawa wanataka rais mkali, ila asipite mtaani kwao

NDEGE ya kutoka Mwanza ilikuwa itue saa nane mchana. Saa saba na nusu mimi niko uwanja wa ndege, shati limepigwa pasi, kiatu kinang'aa, namsubiri binamu yangu ambaye sijamwona kwa miaka minne. Kuuliza, naambiwa ndege itachelewa mpaka saa kumi na moja jioni. Nikachoka!

Msomaji wangu, si unajua tena mambo ya uwanja wa ndege. Bei ya soda moja pale, ukiongeza kidogo tu, uswahilini unapata sahani ya ubwabwa kwa maharage na maji ya kushushia. Nikapiga hesabu ya mfuko, nikaona nikikaa mle ndani saa tatu nitampokea mgeni kwa nauli ya kukopa.

Nikatoka nje, nikadaka bodaboda. "Nipeleke Kipawa, penye kijiwe cha kahawa," nikamwambia. Kijana akacheka. "Kaka, hapo ndiyo kwangu. Panda twende."

Safari hiyo nataka uikumbuke, nitairudia mbele. Foleni ilikuwa imeshika barabara ya Nyerere vibaya sana. Kijana akaona isiwe tabu, akaingia upande usio wake, akawa anakutana na magari uso kwa uso huku akiwapigia honi kana kwamba wenye makosa ni wao. Kofia ngumu alikuwa nayo moja tu, na hiyo ameining'iniza kwenye usukani. Mimi huko nyuma nilisali sala zote nilizofundishwa utotoni.

Ndege ikipita, maneno yanakatika

Kwa wale wasioujua upande huu wa jiji, Kipawa ni kata ya Wilaya ya Ilala, jirani kabisa na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Barabara inayopita hapo wazee bado wanaiita Pugu Road. Ukiwa unatoka mjini unaacha Tazara, unaacha Vingunguti, unaanza kuona ndege zinainamisha tumbo utadhani zinatafuta kituo cha daladala.

Maisha ni yale yale ya Dar tunayoyajua. Kuna fundi simu chini ya mwavuli, kuna chipsi mayai kuanzia jioni, kuna saluni ya kike yenye muziki mkubwa kuliko baa. Kuna na vijana wanaobeba kompyuta mgongoni, maana VETA wana chuo chao cha TEHAMA hapo hapo Kipawa.

Kitu kimoja tu kinawatofautisha na sisi wengine. Ndege kubwa ikipita, watu wote wanakata maneno katikati, wanasubiri, halafu wanaendelea pale pale walipoachia. Hakuna anayeuliza "ulikuwa unasemaje?" Wamezoea. Nikakaa kwenye benchi, nikaagiza kahawa na kashata, nikajifunza kunyamaza kwa mpangilio.

Kijiweni walikuwa watu kama saba. Wawili wanacheza drafti, mama mmoja anakaanga mihogo pembeni, wengine ni masela wa bodaboda. Na kulikuwa na mzee mmoja mwembamba, kofia ya baraghashia, miwani imefungwa uzi sikioni. Vijana wanamwita Mrusi. Mwenyewe ukimwita hivyo anaitika.

Basi bwana, kasheshe ikaanza hivi. Daladala moja iliona foleni haisogei, ikakata kona, ikashuka kwenye vumbi la pembeni, ikapita karibu na benchi letu kiasi kwamba kahawa yangu iliota mchanga. Konda ananing'inia mlangoni, hata pole hakusema. Watu wote tukasimama tukitukana kwa pamoja.

"Nchi hii inataka mtu mkali!" akafoka yule kijana wa boda aliyenileta. "Rais mkali, fimbo mkononi. Watu wachapwe, wanyooke. Uhuru umezidi!"

Masela wakaitikia, "Kweli kabisa!" Na mimi mwandishi wenu, nisiwafiche, nikaitikia nao. Nilikuwa na mchanga mdomoni.

Mzee Mrusi akasogeza kete yake kwenye ubao wa drafti, akala mbili za mwenzake. Kisha akamgeukia kijana. "Mwanangu, wewe umekuja hapa umepita upande gani wa barabara?"

Kijana akacheka kwa aibu. "Mzee, mimi nilikuwa na haraka."

Mama wa mihogo na mwaka 1983

Aliyedakia mazungumzo alikuwa mama wa mihogo. Akasema huo ukali tunaouimba yeye kauona kwa macho, tena akiwa msichana wa miaka kumi na minane.

Mwaka 1983, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, serikali ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi. Vijana wa leo hamuijui Dar ya wakati ule. Sabuni ilikuwa kitu cha kusimulia, sukari unapanga foleni tangu alfajiri, halafu unaambiwa imekwisha. Msako ulipoanza, kwa maelezo yake, watu walioficha bidhaa waliingiwa na kiwewe, wakawa wanazitupa usiku ili zisikutwe ndani. "Niliokota mche mzima wa sabuni mtaroni," akasema. "Nilimwombea Sokoine dua siku hiyo. Na alipokufa kwa ajali kule Dakawa, Aprili 1984, nililia kama nimefiwa na baba."

Kijana wa boda akapiga goti lake. "Mnaona! Huyo ndiye tunayemtaka."

"Ngoja nimalize, mwanangu," mama akamkata. Mwaka huo huo wa 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi. Mtu asiye na kitambulisho cha kazi anakamatwa mjini kama mzururaji, anapelekwa kijijini akalime. Kaka yake alikuwa anauza karanga Kariakoo. Kuuza karanga hakukuhesabiwa kuwa kazi. Akazolewa asubuhi na kapu lake, nyumbani wakakaa wiki mbili bila kujua yuko wapi.

"Dua uliifuta?" nikamtania.

Mama akageuza mihogo kwanza. "Sikuifuta. Ile sabuni niliipenda. Lakini nilijua kwamba mkono uliomtoa mhujumu sabuni ndiyo huo huo uliomzoa kaka yangu. Haukuwa na macho mawili."

Hapo nikakumbuka jambo la kuchekesha. Mwaka huo huo wa 1983 ndipo serikali ilipokubali magari ya watu binafsi yabebe abiria Dar, kwa sababu mabasi ya UDA yalikuwa yameelemewa. Kabla ya hapo magari hayo yalikuwa ya kujificha, yanapakia abiria kwa wizi. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ambayo watu waliiita dala, na jina la daladala likazaliwa. Kwa hiyo mwaka mmoja, serikali moja: mkono wa kulia unamzoa muuza karanga, mkono wa kushoto unamfungulia mwenye basi. Na ile daladala iliyotumwagia mchanga ni mjukuu wa uhuru huo.

Mama akatazama masela mmoja mmoja, kisha akamwangalia binti aliyekuja kununua mihogo, kavaa taiti imembana. "Na wewe mwanangu ungekuwa msichana mwaka 1969 usingefika hapa na hiyo." Hakuwa anatania. Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana Januari mwaka huo, ikapiga marufuku sketi fupi, nywele za bandia, mkorogo na suruali za kubana. Wasichana walizomewa, wengine walichaniwa nguo vituoni. Binti akavuta blauzi yake chini, akalipa mihogo, akaondoka mbio. Tulicheka mpaka ndege ikatukata.

Mrusi wa Kiev

Kufika hapo nikamuuliza mzee, kwa nini wanamwita Mrusi? Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.

Alikuwa fundi wa ndege. Miaka ya sabini alipelekwa kusoma Muungano wa Kisovieti, kwenye chuo cha usafiri wa anga mjini Kiev. Siku hizi wanaandika Kyiv, na ndiyo makao makuu ya Ukraine. "Kwa hiyo wakiniita Mrusi wananikosea," akasema. "Lakini wakati ule wote tuliwaita Warusi, na wao hawakukataa mbele ya watu."

Akasema alichokiona kule ni maisha yasiyo na wasiwasi wa kesho. Chumba rahisi, mkate rahisi, shule bure, hospitali bure. Lakini yeye kama mwanafunzi wa kigeni hakuweza kwenda mji wa pili bila kibali. Na wenyeji wakitaka kusema neno la maana juu ya wakubwa, wanafungulia bomba la maji jikoni kwanza, ndipo wanaongea.

Alirudi nyumbani akafanya kazi hapa hapa uwanjani. Akanikumbusha kwamba ndege ya Mwanza kuchelewa siyo jambo geni. Februari 1982 walikuwa wanaisubiri Boeing 737 ya Air Tanzania itokee Mwanza. Haikutokea. Vijana wa Kitanzania walikuwa wameiteka njiani, wakaipeleka Nairobi, Jeddah, Athens, mpaka Stansted kule Uingereza, wakitaka Rais Nyerere ajiuzulu. "Sisi tumekaa na ngazi yetu, tunaangalia mawingu," akasema. "Yako ya leo imechelewa saa tatu tu, shukuru Mungu."

Mwaka 1991 Muungano wa Kisovieti ukavunjika. Januari 1992 serikali mpya ya Urusi ikaziachia bei, na katika mwaka huo mmoja zikapanda zaidi ya mara ishirini. Akiba ya maisha ya mtu ikawa haitoshi kununua viatu. Mzee alipata barua ya rafiki yake wa chuoni, mhandisi mzima, kwamba anauza vyombo vya nyumbani kando ya barabara. "Sasa mtu huyo ukimwambia uhuru, yeye anasikia njaa. Ndiyo maana mwaka 2000 walipompata Putin, wengi wakasema afadhali, huyu ana mkono. Mimi siwacheki. Wewe ungekuwa kule ungesema hivyo hivyo."

"Si ndiyo nilichosema mimi!" kijana wa boda akaruka.

"Umesema nusu," mzee akajibu. "Mkali wao aliwanyoosha matajiri, watu wakapiga makofi. Akafunga vituo vya televisheni vilivyomsema, watu wakasema potelea mbali, walizidi kelele. Februari 2022 akaingiza majeshi Ukraine. Septemba mwaka huo akataka vijana laki tatu waende vitani. Hapo ndipo mkuki ulipogeuka. Watu wakaanza kukimbilia Georgia na Kazakhstan kwa magari, kwa baiskeli. Walitaka kusema hapana, lakini sehemu ya kusemea walikuwa wameshaifunga wenyewe, kwa makofi."

Akanyamaza kidogo. Akasema mji aliojifunzia kazi sasa anauona kwenye simu ya mjukuu wake, maghorofa yametobolewa na mabomu. Hajui kama bweni lake bado limesimama.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu. Nikamuuliza mzee, sasa sisi Watanzania ni tofauti na hao Warusi?

Hesabu ya Jaji Nyalali

Mzee akanirudishia swali. "Mwandishi, wewe unajua kwamba vyama vingi hatukuvitaka?"

Ni kweli, na namba zipo. Mwaka 1991 iliundwa tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuwauliza wananchi, Bara na Visiwani, kama wanataka chama kimoja kiendelee au viwe vingi. Watu zaidi ya 36,000 walitoa maoni. Asilimia 77 walisema chama kimoja kiendelee. Waliotaka vingi walikuwa asilimia 21 tu.

Lakini wengi miongoni mwa waliotaka chama kimoja walitaka kifanyiwe marekebisho. Yaani baba abaki, ila aache kupiga. Tume ikapendekeza vyama vingi hata hivyo, ikazitaja na sheria 40 zilizoonekana kandamizi, ikiwemo ile ya mwaka 1962 ya kumweka mtu kizuizini bila kesi. Julai 1, 1992 vyama vingi vikaanza.

"Kwa hiyo uhuru wenyewe tulipewa na wachache," nikasema.

"Tulipewa na waliosikiliza wachache," mzee akanirekebisha.

Na mapenzi yetu kwa wakali hayajaisha. Barabara hii hii ya Kipawa ndiyo iliyopitisha mwili wa Mwalimu Nyerere, ulipoletwa kutoka London Oktoba 1999, watu wamejaa pande zote mbili. Barabara hii hii iliupeleka mwili wa Rais John Magufuli uwanjani Machi 2021, watu wakikimbia na gari huku wanalia. Mama wa mihogo alikuwepo mara zote mbili. Magufuli walimwita Tingatinga, naye hakukasirika. Alipotumbua wakubwa, mtaa mzima ulichekelea. Alipotoa vitambulisho vya wamachinga vya shilingi 20,000, mama alinunua chake, akakivaa shingoni kama medali. Lakini ni wakati wake huo huo, mwaka 2017, watu wa Kimara walipobomolewa nyumba kupisha barabara ya Morogoro, na mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imezuiwa tangu 2016, mpaka ilipofunguliwa tena Januari 2023.

"Nilimpenda," mama akasema. "Lakini mimi sikai Kimara."

Kijana wa boda sasa alikuwa kimya. Nikamuuliza, na wewe umewahi kuonja? Akatazama kulia, akatazama kushoto. Akasema Oktoba 29 mwaka 2025, siku ya uchaguzi. Maandamano yalizuka jijini, intaneti ikazimwa, amri ya kutotoka nje usiku ikatangazwa. Watu walikufa. Yeye abiria wake wengi huwapata kwa simu, kwa hiyo alikaa ndani siku kadhaa, mtoto anataka maziwa. "Ila si hilo," akasema, sauti imeshuka. "Kuna mshikaji wangu..."

Hakumalizia. Na safari hii hakukuwa na ndege yoyote angani. Kijiwe kizima kilinyamaza, kila mtu anaangalia kikombe chake. Msomaji, nimekaa vijiwe vingi mjini hapa, lakini ukimya kama ule sijazoea. Nikakumbuka lile bomba la maji la Kiev.

Nguvu ya rangi nyekundu

Aliyetuokoa ni mzee. Akainuka, akaniambia, "Twende nikuonyeshe kwangu."

Tukatembea kama dakika tano, tukafika kwenye uzio wa uwanja. Akanyoosha kidole ndani, kwenye majani. "Pale. Vyumba vinne na ukumbi, mwembe mmoja mbele."

Sikuona kitu. Majani tu, na mbali kidogo lami.

Habari ya Kipawa inajulikana. Serikali ilitaka kupanua uwanja, ikachukua maeneo ya Kipawa, Kigilagila na Kipunguni. Nyumba zilifanyiwa tathmini mwaka 1997. Malipo ya watu wa Kipawa yakaanza kuja mwaka 2009. Hesabu mwenyewe: miaka 12. Wengi walipelekwa viwanja vya upande wa Pugu na Buyuni, ambako wakati huo ilikuwa bado pori. Wenzao wa Kipunguni walisubiri zaidi hata ya hapo.

Mzee akanieleza kilicho ndani ya miaka hiyo 12, kitu ambacho kwenye magazeti hakikuandikwa sana. Nyumba ikishafanyiwa tathmini, huna sababu ya kuitengeneza. Bati likitoboka unaweka beseni. Ukuta ukipasuka unausogezea kabati. Mpangaji hataki kuingia, maana kesho inabomolewa. Kuuza huwezi, atanunua nani? Mjukuu wake alizaliwa mwaka ule wa tathmini. Nyumba inavunjwa, mtoto anakaribia kumaliza darasa la saba, na maisha yake yote hajawahi kuishi kwenye nyumba ambayo haivuji.

"Mimi sikukataa kupisha uwanja," mzee akasema. "Mimi ni fundi wa ndege, nitaukataaje uwanja? Najua ndege zinaongezeka. Nilichotaka ni kwamba aliyenihesabia mabati anilipe mabati, kwa bei ya siku ninayonunua mengine."

Kwa taarifa yako msomaji, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inasema mtu akichukuliwa ardhi alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Tathmini ya Kipawa ilikuwa imetangulia sheria hiyo kwa miaka miwili. Na Katiba yetu, tangu haki za binadamu zilipoingizwa mwaka 1984, inataka fidia inayostahili. Maneno mazuri sana. Yalikuwepo wakati mzee anaweka beseni.

Hapo ndipo aliponiambia jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike safu hii badala ya ile ya mapishi ya pilau niliyoahidi wiki iliyopita.

"Vijana wanaomba serikali yenye nguvu," alisema huku ameshika waya za uzio. "Mimi nawauliza, nguvu ipi? Kuja na kopo la rangi nyekundu, ukapiga X kwenye ukuta wa mtu, hiyo siyo nguvu, hata mtoto anaweza. Tingatinga linavunja nyumba kwa nusu saa. Lakini kumlipa mtu ulichomwahidi, siku uliyomwahidi, hiyo ndiyo nguvu, na kwa miaka 12 hawakuwa nayo. Sikunyanyaswa na serikali yenye nguvu. Nilinyanyaswa na serikali dhaifu yenye tingatinga."

Nikamuuliza kama ni hivyo, kwa nini anarudi. Siku hizi anakaa huko Pugu, na kila Jumamosi anapanda daladala kuja kucheza drafti Kipawa. Akacheka kwa mara ya kwanza.

"Walinilipa nyumba," akasema. "Kijiwe hawakukifanyia tathmini."

Aanzie Mwanza

Saa kumi na moja kasoro simu ikalia, ndege imetua. Nikamuaga mzee, nikamlipa mama mihogo, nikarudi na kijana wangu wa boda. Binamu katoka, kanenepa, ana begi kubwa kama jeneza. Teksi zinataka hela ya ajabu. Kijana akasema, "Kaka, tukae mshikaki, watatu, begi tunalaza mbele. Mpaka Tazara tu."

Najua, najua. Msinitolee macho. Tulipanda.

Hatukufika mbali. Trafiki alikuwa amesimama njia panda, akatupungia mkono mara moja tu. Mimi ndiye niliyetangulia kushuka na kuanza kubembeleza: afande tusamehe, mgeni huyu katoka safari, afande sisi ni ndugu zako. Kijana naye anabembeleza upande wa pili. Afande hakupandisha sauti, hakutaka "ya maji," hakumshika mtu ukosi. Alitazama leseni, akabonyeza mashine yake, ikatoa kikaratasi chenye kosa letu, kiasi cha faini na namba ya kulipia. Akatupa, akatuambia tupungue mmoja, akageukia gari jingine.

Tukasimama pale tukikisoma kile kikaratasi. Kosa ni letu, kiasi kimeandikwa, na kama tungetaka kubisha tulijua pa kwenda na ushahidi tunao mkononi. Nikamfikiria mzee na rangi yake nyekundu. Ukali wa namna hii, kusema kweli, uliniuma mfukoni lakini haukuniogopesha.

Kijana alikuwa bado amenuna. Tukachanga faini nusu kwa nusu, binamu nikamtafutia bajaji, tukapakia begi. Kwa kuwa nilikuwa nimeshamsimulia habari za kijiweni, binamu akatoa kichwa nje kumchokoza yule kijana:

"Vipi mdogo wangu, bado mnamtaka rais mkali?"

Kijana akapiga kiki pikipiki yake, akafikiri kidogo.

"Tunamtaka, kaka. Ila aanzie Mwanza."